Mtu Asiyejibu Salamu

Gari la matangazo lilipita mara ya tatu, na safari hii halikubembeleza mtu. Bwawa la juu limepata ufa, kila mmoja aondoke sasa hivi, apande hadi shule ya mlimani, na ajihadhari na wezi wanaojifanya wasaidizi. Fundi cherehani alilishika hilo la mwisho kuliko yote. Akaifunika cherehani yake kwa shuka, akaiambia, "Haya, tutaonana Mungu akipenda," akaiacha hapo hapo dirishani. Mkokoteni aliouazima kwa muuza mkaa ulikuwa na nafasi ya mzigo mmoja tu, na mzigo wenyewe ni mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa na miguu iliyovimba na mdomo uliokuwa mzima kabisa.

"Polepole basi, mwanangu. Mimi si gunia la viazi."

"Viazi havisemi, mama."

"Ndiyo maana vinaoza."

Mume wa fundi alikuwa dereva wa lori, amekwama ng'ambo ya mto. Asubuhi alipiga simu, sauti inakatikakatika. "Mama yangu nakuachia wewe, mke wangu. Hana mtu mwingine. Na chukua ule mkasi wako. Siku kama ya leo watu si watu." Simu ikafa kabla hajajibiwa. Basi fundi akauchomeka mkasi kiunoni, chini ya sweta. Ulikuwa mkasi mkubwa wa kukatia suti, ambao siku zote hakuruhusu mtu akatie hata karatasi. Aliyewahi kuuomba akatie kamba alitolewa dukani kwa maneno.

Barabara ya kupanda shuleni ilijaa watu na vituko vyao. Mmoja kabeba televisheni kichwani, mwingine kabeba mlango, mlango mtupu, nyumba kaiacha. Siku nyingine fundi angecheka hadi alie. Leo hakuwa na kicheko wala chozi. Mvua ilikuwa haijampa usingizi tangu ianze. Usiku alikuwa akichota maji sebuleni kwa ndoo, na mchana anashona sare za watu, maana mteja hajui mvua. Alivuta mkokoteni kwa mikono iliyokuwa imekwisha kusema haitaki. Watu wakawapita mmoja mmoja, "poleni, poleni," na hakuna hata mmoja aliyesimama. Kila mtu ana mama yake. Mwishowe wakabaki nyuma, ukuta mrefu wa kiwanda kushoto, na kulia mtaro mpana ambamo maji yalikuwa yakinguruma.

Hapo ndipo alipomwona yule mwanamume.

Alikuwa nyuma yao, peke yake. Kichwani godoro lililoviringishwa, analishika kwa mkono mmoja, na mkono wa pili una dumu. Wao wakienda, anakuja. Fundi alipoongeza mwendo, naye akaongeza.

"Habari yako, kaka?" fundi aliita bila kusimama. Salamu ni kipimo. Mtu mwema huijibu, na mbaya angalau huidanganya.

"Mmh!" alijibu yule mtu, akainua kidevu upande wao.

"Umemsikia?" alinong'ona fundi.

"Nimemsikia," alisema mama mkwe. "Mtu asiyejibu salamu ana lake jambo. Na kidevu kile anaonyesha mkoba wangu."

Ndani ya mkoba ule mlikuwa na dawa za presha, picha ya marehemu baba mkwe na kandambili moja, ya pili imesahaulika. Lakini mwizi atajuaje?

"Mmh! Mmh!" Sasa alikuwa anakoroma kama mlevi, kidevu juu, kidevu chini. Fundi alimwomba Mungu jambo moja tu, amfikishe huyu mama juu, kisha akitaka amchukue yeye. Wala hakuona kama ametia chumvi. Alikuwa amechoka kiasi hicho.

Kisha akasikia dumu limetupwa chini, godoro limeanguka, na miguu inakuja mbio.

Aligeuka. Yule mtu alikuwa ameshafika, ameung'ang'ania ubavu wa mkokoteni karibu kabisa na miguu ya mama mkwe. Fundi hakuwaza. Aliachia vishikio, mkasi ukatoka kiunoni, ukazama katika mkono wa mtu yule, chini kidogo ya kiwiko. Alisikia kitambaa kikikubali, kisha kitu ambacho si kitambaa.

Yule mtu aliguna guno la kutoka tumboni, lakini hakuachia. Damu ilimshuka hadi vidoleni na bado hakuachia. Fundi akainua mkasi mara ya pili.

"Gurudumu!" mama mkwe alipiga ukelele. "Wewe mtoto, gurudumu!"

Gurudumu la upande wa mtaro lilikuwa limechomoka. Lilibiringika taratibu, bila haraka yoyote, likatumbukia majini likaenda zake. Upande ule wa mkokoteni ulikuwa hewani, umeshikwa na mikono miwili tu, mmoja wao unavuja damu. Angeuachia, mama mkwe angelifuata gurudumu.

Yule mtu alitema kitu. Kikalia kwenye lami, kling. Kilikuwa kile chuma kidogo kinachozuia gurudumu lisitoke kwenye ekseli.

"Kimedondoka kule chini," alisema akihema. "Nimekiokota. Mikono ilikuwa imejaa, nikakitia mdomoni. Mimi seremala, misumari naishika hivyo hivyo. Mshushe mama kwanza, dada. Nazidiwa."

Fundi alirudisha mkasi kiunoni, akamshusha mama mkwe, akamkalisha ukutani, kisha akakiokota kile chuma. Maisha yake yote dukani alikuwa na pini mdomoni. Mteja akimsalimia, anajibiwa "mmh". Akiuliza suruali iko tayari, anaonyeshwa kwa kidevu. Mtaa mzima ulimwita Mama Mmh, na hakuna aliyewahi kumdhania mwizi.

"Nisamehe," alisema.

"Tutasameheana juu," alijibu seremala. "Maji hayasubiri."

Akamvua fundi sweta, yaani aliiomba kwanza, akajifunga mkono. Kisha akachuchumaa, na mama mkwe akapanda mgongoni kwake. Fundi alifuata nyuma na mkoba. Godoro na dumu waliviacha barabarani.

Shuleni, darasa la kwanza lilikuwa limegeuzwa zahanati. Muuguzi alikuwa na macho mekundu na sauti iliyokwisha. Alifungua ile sweta, akatazama.

"Nini hiki?"

"Bati," alisema seremala upesi. "Bati la nyumba yangu, wakati natoka."

Hakumtazama fundi. Mama mkwe alijifanya anatafuta kandambili. Fundi alishusha pumzi, akajichukia kwa kuishusha.

"Shati limegandia kwenye kidonda," alisema muuguzi. "Nalikata. Mkasi wangu sijui nani kaondoka nao." Akainua kichwa kwa watu wote. "Nani ana mkasi?"

Darasa zima likapapasa mifuko, hakuna. Seremala alitikisa kichwa kidogo, akimwambia fundi asithubutu.

Fundi aliingiza mkono kiunoni. Aliuweka mkasi juu ya dawati, damu ikiwa imekaukia kwenye kiungo chake.

Muuguzi aliutazama mkasi. Akautazama mkono. Mwisho akamtazama yeye.

"Si bati," alisema fundi. "Ni mimi."

Alingoja kutukanwa. Angetukanwa angepona kidogo. Lakini muuguzi alikuwa amechoka kuliko yeye.

"Uoshe kwa spiriti hiyo," alisema. "Halafu njoo umshike. Dawa ya ganzi imekwisha."

Basi fundi akauosha mkasi, muuguzi akakata shati, na sindano ikaanza kazi. Kila ilipoingia, seremala alimbana fundi vidole kwa nguvu zake zote, vile vidole vya kushonea. Vilimuuma. Hakuvitoa.