Harufu Kinywani mwa Selestini

Selestini alirudi nyumbani Mwanga, mtaa wa kando ya ziwa, kutoka Dar es Salaam akiwa amepungukiwa kidole kimoja cha mguu, ila matumaini alirudi nayo tele. Saratani ilianzia chini ya kidole hicho, doa jeusi ambalo yeye na mkewe Leonia walilidhania ni alama ya mwiba wa kule Kibirizi alikokuwa akianika dagaa. Walipokuja kushtuka, ilikuwa imeshapanda hadi kinenani. Madaktari walikata kidole, wakaanza kumtundikia dripu ya dawa mpya. Nesi Honorata aliwaeleza kwamba dawa hiyo haiui saratani yenyewe. Inawaamsha askari wa mwili waliolala, wao ndio waende vitani. Lakini askari wakishaamka, alionya, wengine hugeuka wakaupiga mwili wenyewe. Akawapa namba yake ya simu. Likizuka jambo geni lolote, wapige, wasisubiri.

Katika dalili zote walizotajiwa, Leonia alishika kuharisha, kikohozi na vipele. Hayo aliyachunga kama maziwa yaliyo motoni. Kiu haikukaa kichwani mwake.

Na kiu ndiyo iliyokuja. Mtaa mzima uliilisha bila kujua, maana mgonjwa akirudi watu hawaendi kumwona mikono mitupu. Walileta soda, walileta juisi ya miwa, walileta sukari ya uji. Selestini alimaliza chupa akaomba nyingine, na wageni wakafurahi kwamba anapona, ona anavyokunywa. Njia ya chooni ikachimbika kwa ndara zake. Suruali zilipoanza kumvuka, Leonia akazidisha sukari kwenye uji.

Nyumba ile ilikuwa ya vitendawili tangu enzi za uchumba wao. Asiyejua jibu hutoa mji, na Selestini alikwisha kujishindia miji yote ya mwambao wa ziwa. Basi asubuhi moja, ameegemea ukuta, akasema, "Kitendawili."

"Tega."

"Nakunywa ziwa, natoa ziwa, na koo langu ni jivu."

Leonia akajaribu mfereji. Akajaribu mtumbwi uliotoboka. Mwisho akampa Kalinzi, kwao alikozaliwa. Siku zote mumewe angeupokea mji huo kwa mbwembwe, amwambie sasa wakwe zake wote ni raia wake. Safari hii hakuupokea. Alifumba macho tu, na Leonia akaenda zake kuosha vyombo, jibu la kitendawili akiliacha limekaa pale ukutani linahema.

Kesho yake mchana alitoka sokoni akamkuta nusu mkekani, nusu sakafuni, ametapika. Alipomwinua, Selestini aliyumba, na maneno yake yalitoka yameshikana. Leonia akainama kumfuta mdomo. Hapo ndipo harufu ilipompiga.

Ndizi mbivu zilizoanza kuchacha. Mama yake alikuwa mpika pombe ya ndizi maarufu kule mlimani. Harufu hiyo Leonia aliijua kabla hajajua kusoma. Na Selestini aliokoka zamani, Frida binti yao akiwa bado wa kubebwa mgongoni, baada ya pombe kuitikisa ndoa yao karibu ianguke.

"Nani kakuletea?" akauliza.

"Maji," akasema Selestini.

"Maji huyapati mpaka uniambie nani kakuletea."

Mumewe alimtazama kama mtu anayemtafuta kutoka ng'ambo ya ziwa. Leonia akamlaza kwa ubavu, akatoka, akafunga mlango. Alale, pombe zimtoke.

Kizingitini akampigia Honorata. Hakupiga kuomba msaada. Alipiga kumsemea, nesi amkaripie huyu mtu ambaye watu wamehangaika hivi kumwokoa.

"Sista, mgonjwa wako kalewa."

Honorata akauliza amejuaje. Leonia akaeleza harufu, kuyumba, matapishi. Maswali yakaja mfululizo. Anakunywa maji sana? Anakojoa mara kwa mara? Amekonda? Kila Leonia alipojibu ndiyo, sauti yake mwenyewe ilizidi kushuka.

"Mfungulie, mama. Niambie anapumuaje."

Alikuwa amelala tuli, lakini kifua kilipanda na kushuka kwa nguvu na kwa haraka, kama cha mpagazi aliyepandisha gunia kutoka ufukweni.

"Kama aliyekimbia," Leonia akanong'ona.

"Hajalewa huyo. Sukari imempanda mpaka damu inageuka sumu. Ni ile dawa. Mkimbize hospitali sasa hivi, na neno lako la kwanza pale liwe kwamba anatibiwa saratani kwa dawa ya kinga. Soda usimpe."

Nehemia, jirani yao mwenye bajaji, alimbeba mgonjwa mgongoni. Njia nzima Leonia alilirudia neno lile kama mtoto aliyetumwa dukani. Hospitalini wakamtoboa Selestini kidole, na kipimo hakikutoa namba. Sukari ilikuwa imevuka mwisho wake. Daktari akaagiza dripu na insulini, huku akieleza kwamba askari wale wamelivamia kongosho, ambalo kazi yake ni kuishusha sukari.

"Mngemwacha alale, mama, asingeamka."

Leonia alirudi nyuma hadi ukutani. Akakaa sakafuni palepale, akiutazama mkono wake wa kulia. Mlango aliufunga kwa mkono huu.

Selestini alipopata fahamu vizuri, mkewe alimwambia yote bila kuzunguka. "Nilikufungia ndani, Baba Frida. Nilisema umelewa."

"Nilikuona," akasema. "Nikadhani kweli nimekosa."

Leonia akamwinua kichwa, akamnywesha maji.

Honorata alipopiga, alisema kongosho halitarudi kufanya kazi. Atachoma insulini kila siku maisha yake yote. Lakini vipimo vinaonyesha uvimbe wa kinenani umesinyaa, na sukari ikitulia huenda madaktari wakairudisha dawa ile ya kinga. Selestini, aliyetega sikio kando ya simu, akakubali hapohapo. Leonia akaivutia simu kwake.

"Na safari hii askari wakigeukia moyo, sista? Au mapafu?"

"Wanaweza, mama. Ndiyo maana nataka unipigie hata kwa jambo unaloona aibu kulisema. Hilo hasa."

Leonia akamtazama mumewe, akaiweka simu sawa sikioni, akaanza na choo cha asubuhi ile, rangi yake na uzito wake, kwa sauti iliyoenea wodi nzima. Selestini akavuta shuka mpaka juu ya uso.