Muulize Mpagazi

Asubuhi moja ya Juni, mwaka 2005, Swabaha alikuwa akipangusa vumbi kwenye kompyuta ya ofisi ya kampuni ya kupandisha watalii milimani, pale mjini Arusha. Mwajiri wake, Sumari, aliingia akilalamikia wageni. Si wale wa kupanda Mlima Meru. Wa tovuti.

"Wanachungulia tu, wanatoka," alisema. "Weka kitu cha kuwashika. Wenzetu wana madirisha ya kuchati."

Swabaha akaweka dirisha, akaliita Muulize Mpagazi. Alikusudia kujibu mwenyewe. Mama mmoja wa Uholanzi akauliza kama juu kuna baridi, na jibu likatokea kabla Swabaha hajagusa kibodi: Baridi ni kali. Njoo na koti zito. Mimi nilipandishwa na shati tu. Chini yake palikuwa na jina la Lemayian.

Lemayian alikuwa mpagazi wa kampuni. Mwezi wa tatu mvua ya mawe ilimwangusha karibu na kilele. Sumari alimwamuru muongozaji kwa redio asimsubiri, kwa kuwa wageni walikuwa na ndege ya kuwahi. Nyumbani kwake walipeleka habari kwamba ameacha kazi.

Sumari alisoma jibu lile, akavuta kiti.

"Mzungu bado yumo?"

"Yumo. Sasa anauliza habari za mbega."

"Basi mwache ajibu."

Lemayian alimjibu kila mtu kwa lugha yake, ingawa alipokuwa hai hata Kiingereza kilimpiga chenga. Alieleza njia, maua, mbega. Kioo cha kompyuta kikaanza kutoa umande, na Swabaha akawa anakuja kazini na sweta mbili. Wageni walikaa.

Habari zikafika Ngaramtoni, nyumbani kwa Lemayian. Simaloi, mkewe, akaja ofisini.

"Nasikia Baba Sabina anaongea hapa."

"Anaongea, Mama Sabina. Karibu ukae."

Simaloi aliandika kwa kidole kimoja, kwa Kimaasai. Jibu likaja papo hapo. Alilisoma polepole, akavuta shuka mabegani.

"Anasema yuko penye mwamba, chini ya kilele. Anaomba ateremshwe, azikwe nyumbani."

"Pole sana, mama," alisema Sumari. "Lakini akiteremshwa, nani atawajibu wageni?"

"Kwa hiyo mlijua yuko huko."

Sumari alitoa leso, akafuta umande kwenye kioo.

Ndugu wa Lemayian walipanda wenyewe, wakarudi mikono mitupu. Miamba ya kule ni mingi. Aliyeujua ule mmoja ni muongozaji wa kampuni, naye kila siku alikuwa mlimani na wageni, na wapagazi wengine wakimfuata na mashati yao.

Simaloi hakurudi tena ofisini. Alipata kiti kwenye duka la intaneti karibu na Soko Kuu, na kila siku, tangu linapofunguliwa hadi linapofungwa, alikuwa na mumewe kwenye dirisha lile.

Mwisho wa msimu Sumari aliangalia takwimu za tovuti.

"Kuna mmoja hatoki kabisa," alisema. "Mwandikie tunamkaribisha Meru."

Swabaha alijua ni nani. Aliandika hivyo hivyo.

Jibu likaja: Meru ndiko nilikozaliwa. Nasubiri mtu wangu ashuke.

Sumari akasoma, akaridhika. Anayesubiri haondoki.