Aliyesafisha Matundu ya Shanga

Mwaka wa themanini na sita Idah alikuwa akifanya kazi Malindi kwa Bi Lucia, mama wa Kitaliano aliyetengeneza shanga za kioo katika banda nyuma ya nyumba yake. Bi Lucia aliyeyusha kioo kwenye moto wa gesi, akakizungusha juu ya waya wa chuma mpaka kikawa ushanga. Waya huo kwanza aliuchovya katika udongo mweupe ili kioo kisigande. Ushanga ukishapoa ulivutwa ukatoka, lakini udongo ulibaki ndani ya tundu, mgumu kama chokaa ya ukutani. Kuutoa ndiyo ilikuwa kazi ya Idah.

Alikaa dirishani na beseni la maji. Kila ushanga aliutumbukiza majini, akaingiza tupa nyembamba kuliko njiti ya kiberiti, akaisokota mpaka maji yakawa meupe. Ilikuwa lazima afanye ndani ya maji. Bi Lucia alimwonya siku ya kwanza, kwa ishara zaidi kuliko kwa maneno, kwamba vumbi lile likiingia kifuani halitoki. Kisha Idah aliuinua ushanga kwenye mwanga na kuchungulia. Kama aliona ukungu, aliurudisha majini. Jioni vidole vyake vilikuwa vimenyauka kama vya mfua nguo.

Bi Lucia hakujua Kiswahili kingi, na Idah hakujua Kitaliano hata kidogo. Moto ulivuma, maji yakacheza ndani ya beseni, na siku ikaisha hawajasemezana maneno kumi.

Idah alikuwa ametoka Mwingi akimfuata mumewe, Phineas, mpishi wa hoteli. Walipata mtoto mmoja, msichana, akaishi wiki tano. Mwaka uliofuata Phineas alisema anakwenda Mombasa kutafuta hoteli yenye nafuu, na akitulia atamwita. Hakumwita. Idah alibaki katika chumba kile kile cha kupanga, mtaa wa Shella. Kwa muda alimwandikia mama yake kwamba wote hawajambo. Baadaye akaona aibu kuandika uwongo ule ule kila mara, akaacha kuandika kabisa.

Shanga zilizokwisha kusafishwa zilitiwa kwenye sinia na kuchukuliwa na Kahindi, mtu mzima mwenye baiskeli, hadi Sabaki, ng'ambo ya daraja, ambako kulikuwa na mwanamke aliyezitunga zikawa mikufu. Siku moja Kahindi alirudi na shanga sita zilizofungwa uzi mwekundu. Mtungaji alikuwa amesema hizo hazikusafika, zinakata uzi. Idah alikasirika, lakini alipozichungulia aliona kweli kuna chembe zilizoganda kwenye midomo ya matundu. Alizirudia moja moja, akamtuma Kahindi amwombee radhi.

Wiki iliyofuata sinia lilirudi na kashata mbili ndani ya karatasi. Kahindi alieleza kuwa zimetoka kwa Bi Zuleikha, yule mtungaji, naye anauliza huyo msafishaji ni nani na ametoka wapi.

Idah aliifungua ile karatasi, akaifunga tena. Ulikuwa umepita muda mrefu bila mtu kumuuliza hilo.

Jumapili, baada ya kanisa, alikwenda Sabaki kwa miguu. Bi Zuleikha alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa visiwa vya Lamu, na nyumba yake ilijaa watu: wakaza wana, wajukuu, jirani aliyekuja kuazima kinu. Idah aliamkia, "Shikamoo, Bi," naye akamwitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu," kama mtu aliyekuwa akimngojea. Wakanywa chai ya tangawizi. Bi Zuleikha alimwonyesha jinsi anavyotunga: sindano ikipita bila kukwama, alisema, yeye hutambua kwamba mkono wa aliyesafisha ulikuwa umetulia.

Kisha akamuuliza yuko na nani nyumbani.

Wote mle ukumbini walikuwa wakimtazama. Mjukuu mmoja alikuwa amelala pajani pa mama yake, mwingine ananyonya. Idah alijibu kwamba yuko na mume na watoto wawili, wa kike na wa kiume. Hakuwa amekusudia. Lilimtoka tu, na lilipokwisha kutoka hakuwa na njia ya kulirudisha.

Tangu hapo kila sinia lilirudi na salamu za mume na kashata za watoto. Wakati mwingine zilikuwa vileja, na mara moja ilikuja kofia ndogo iliyofumwa kwa mkono, ya yule wa kiume. Idah alipeleka shukrani za watoto kupitia kwa Kahindi. Kashata alikula mwenyewe, ameketi ukingoni mwa kitanda, mlango umefungwa. Zilikuwa tamu, na kila alipomeza alijiona mwizi. Kofia aliitia chini ya nguo ndani ya sanduku. Hakurudi tena Sabaki, kwa kuwa angeulizwa mbona hakuja nao. Alikuwa amepata mtu wa kumjulia hali, na sasa yeye mwenyewe alikuwa akimkimbia mtu huyo.

Mwezi mmoja kabla ya Ramadhani Kahindi alileta habari kwamba Bi Zuleikha anakuja mjini Alhamisi kuonyesha macho yake kwa daktari, na akitoka huko atapita Shella kuwaona watoto. Siku mbili zilizobaki Idah alivunja shanga nne, jambo ambalo halikuwa limemtokea mwaka mzima. Bi Lucia alimtazama, akamsogezea kiti karibu na dirisha, akarudi kwenye moto wake.

Alhamisi alasiri Bi Zuleikha alifika, amejifunga buibui, ameshika kikapu. Aliingia, akaketi kwenye kiti pekee kilichokuwamo, akakitazama chumba. Kulikuwa na kitanda kimoja chembamba. Kikombe kimoja kilikuwa kimefunikwa juu ya sahani moja. Aliweka kikapu sakafuni taratibu.

"Hawapo, Bi," Idah alisema. "Hawajawahi kuwapo. Mume aliondoka, sijui aliko. Mtoto nilizaa mmoja, akafa."

"Na zile kashata?"

"Nilikula."

"Zote?"

"Zote."

Bi Zuleikha alikunja na kukunjua ncha ya buibui lake. Aliposema, sauti yake haikuwa na ukali.

"Kuwa umenidanganya si kitu, mwanangu, watu husema mengi kujisitiri. Linaloniuma ni kwamba nimewaombea watoto wasiokuwapo, kila sala, na wewe uliyepo sikukuombea hata mara moja."

Idah alitoa ile kofia sandukuni, akamrudishia kwa mikono miwili. Bi Zuleikha aliipokea. Muda wa sala ya alasiri ulikuwa umefika, akaomba maji ya kutawadha na mahali pa kusali. Idah alimtandikia kanga safi, akatoka nje, akasimama ukutani hadi alipomaliza. Kisha alimsindikiza mpaka barabarani.

Tangu siku ile sinia lilirudi tupu. Kahindi aliposhusha mzigo hakuwa na salamu za kufikisha, na Idah hakuuliza. Alisafisha matundu, akachungulia, akasafisha tena. Lakini sasa ukweli ulikuwa umeshatoka kinywani mwake mara moja, na aliona kwamba ungeweza kutoka tena. Jumamosi moja alinunua karatasi, akamwandikia mama yake barua ya kwanza baada ya miaka mitatu. Alimweleza habari za Phineas na za mtoto, kwa mistari michache, bila kujitetea.

Jibu lilikuja baada ya mwezi, limeandikwa na mwalimu wa kanisa kwa niaba ya mama. Lilisema kwamba habari za Phineas wanazijua. Alipita Mwingi zamani, akiwa na mwanamke mwingine. Hawakumwandikia kwa kuwa walitaka aseme mwenyewe, wasije wakamwaibisha akiwa mbali na peke yake.

Idah aliisoma dirishani, maji ya beseni yametulia mbele yake. Alilia kwa hasira kwanza. Miaka yote ile alikuwa akimficha mama yake jambo alilokwisha kulijua, naye mama alikuwa amemngojea kimya kimya, na kila mmoja akadhani anamsitiri mwenzake.

Agosti alimwomba Bi Lucia ruhusa, akaenda nyumbani siku kumi na moja. Mama yake alikuwa amezeeka kuliko alivyomtarajia. Walichambua kunde pamoja uani, na jina la Phineas halikutajwa. Mama alitaka kujua tu ni kazi gani hiyo ya pwani.

"Nasafisha matundu ya shanga, Mwaitu," alisema, akimwita mama kwa Kikamba.

"Shanga zenyewe je?"

"Hizo anatengeneza mwingine."

Mama alilifikiria jambo hilo, akacheka kidogo, akaendelea na kunde.

Idah alirudi Malindi na mfuko wa pojo. Chumba kilikuwa kama alivyokiacha, kimya kile kile. Jumapili iliyofuata aligawa pojo mafungu mawili, akafunga moja kwenye kitambaa, akashika njia ya darajani kwenda Sabaki, asijue kama angekaribishwa.