Mdomo wa Bernado

Kijiji kizima kilijua kwamba Bernado anatukana. Tena msidhani ni vijitusi vya kusukumana sokoni; yalikuwa matusi ya nguoni hasa, yanaanzia kwa mama wa ng'ombe na kupanda mpaka kwa bibi wa bibi yake. Binadamu hakuwahi kumtukana hata siku moja. Mdomo ulimchafuka akishika plau tu, na kwa kuwa upande wote ule wa Manyamanyama hakuna aliyenyoosha mistari kama yeye, kijiji kilimkabidhi ng'ombe wawili wa shamba la ujamaa, kisha kikaziba masikio. Ng'ombe hao walinunuliwa Butiama, na vijana wa chama waliwapa majina ya Bepari na Kabaila.

Aliyeumia ni Eufrasia, mkewe. Alibatizwa angali msichana, akaolewa kimila kwa ng'ombe kumi na wawili, na kwa miaka kumi na tano alibaki amekaa kwenye benchi la nyuma kanisani wakati wenzake wanakwenda kukomunika, kwa kuwa ndoa ya kimila kanisa halikuitambua. Alitaka ndoa ya kanisani. Bernado naye aliitaka kwa sababu Eufrasia aliitaka, na sababu hiyo ilimtosha kabisa. Alisoma katekisimu miaka miwili, hata jina la ubatizo akalichukua mapema. Oktoba ya mwaka sabini na tano, katekista Clementi alimwita, akamfungulia moyo.

"Sala unazijua zote, Bernado. Shida ni mdomo. Ukifika Noeli hujatukana, padri akija kutoka Musoma atakubatiza na ndoa atafunga siku hiyo hiyo. Ukitukana hata mara moja, tutaonana Pasaka."

Bernado aliapa. Kesho yake alfajiri akafunga nira, mkewe akashika kamba mbele ya ng'ombe, na kazi ya kulima shamba la pamba ikaanza. Au tuseme ilikataa kuanza.

"Twendeni, jamani," Bernado aliwaambia ng'ombe kwa upole.

Bepari alimtazama. Kabaila alikojoa. Wanyama wale walifundishwa kazi kwa matusi na lugha nyingine hawakuijua. Bernado aliwabembeleza, akawapigia mluzi, mwishowe akawaimbia wimbo wa Bikira Maria mpaka beti zikaisha. Saa nne ilipofika walikuwa wamelima mstari mmoja, na mstari wenyewe ulipinda vibaya. Wanakijiji waliosimama na majembe ya mkono walicheka mpaka wakakaa chini.

"Baba Boke, watukane kidogo tu!" Magesa, mwenyekiti wa kijiji, alimsihi. "Mvua haitungoji. Mungu mwenyewe anajuaga kilimo."

"Sitaki," Bernado alisema, jasho likimtoka.

Siku ya tano, kwa hasira ya kukata tamaa, akafoka kwa sauti yake ile ile ya zamani: "Wewe Kabaila! Kiazi! Kiazi kitamu cha mwaka juzi! Mlenda! Dagaa wa Bukima wewe!"

Ng'ombe waliondoka mbio. Kumbe maneno hawakuyajali hata kidogo, walichokitaka ni ukali. Tangu siku hiyo Bernado alilima akitaja vyakula, na watu waliopita njiani wakamuuliza leo kunapikwa nini. Eufrasia alicheka akiwa mbele na kamba yake, na kila akigeuka kumtazama, mumewe alijiona kijana. Novemba yote ikapita hivyo. Alianza kuringa kidogo, na mimi simlaumu.

Jumanne moja ya Desemba, wengine wakiwa wamekwenda kula, Kabaila aligeuka vibaya mwisho wa mstari akamkanyaga Eufrasia mguu. Eufrasia alipiga ukelele. Hapo Bernado hakukumbuka kiazi wala mlenda. Matusi yote ya miezi miwili yalimtoka kwa mkupuo, akamfikia Kabaila mpaka ukoo uliokufa zamani. Halafu akaiachia plau. Alipiga magoti, akaushika ule mguu.

"Nimeharibu, Mama Boke."

"Mimi sijasikia kitu," Eufrasia alisema. "Nifunge huu mguu."

Jumapili iliyofuata katekista aliwaita wote wawili. Alimgeukia Eufrasia kwanza. "Mama, wewe ndiye unayeshika kamba. Amewahi kutukana?"

Bernado, kichwa ameinamisha, alimtazama mkewe kwa pembe ya jicho. Huyu ni mwanamke aliyemrudishia jirani yai kwa sababu kuku aliyelitaga si wake. Bernado hakutaka alazimike kumshtaki mumewe kwa kinywa chake mwenyewe.

"Nilitukana," akawahi. "Jumanne. Nilitukana sana."

Katekista alishusha pumzi, akaandika. "Basi ni Pasaka," alisema, na sauti yake haikuwa na furaha.

Walitoka. Eufrasia alichechemea mpaka wakaipita ginari, kile kiwanda cha kuchambulia pamba.

"Umekasirika," Bernado alisema.

"Sana. Kwa nini ulinidakia?"

"Nilitaka nikuokoe. Wewe ungesema kweli, na ingekuuma."

"Mimi nilitaka kusema hapana."

Bernado alisimama katikati ya barabara. "Uongo? Kanisani? Wewe?"

"Ndiyo, kanisani. Ningekwenda kuungama baadaye." Macho yalimjaa machozi na alikuwa anacheka. "Ile komunyo nimeililia miaka kumi na tano, Baba Boke. Lakini nilipokuona pale umeinamisha kichwa kama mtoto, nikaona heri dhambi iwe yangu."

Bernado alisogea upande wa ule mguu. Akamshika mkono, mchana kweupe, barabarani, jambo ambalo wanaume wa pale hawakulifanya kwa wake zao, wakaenda polepole kwa ajili ya ule mguu mpaka nyumbani.