Gari Lisilonguruma

Paskalia, jirani yetu, alikuwa anawasimulia watu getini kwetu hapa Maganzo kwamba gari liliondoka lenyewe. Halina mtu, halina mlio, likamfuata dalali kama chatu na kumbana ukutani, maana dawa aliyolitia ilikuwa imemgeukia mwenyewe. Kila aliyefika aliambiwa hivyo, na mapanga yalikuwa yanaongezeka.

Nilimsikia vizuri. Nilikuwa stoo, nimeuegemea mlango wa bati kwa mgongo, na huyo dalali, Nasibu, alikuwa amelala miguuni kwangu, mfupa wa paja umetokeza nje ya suruali.

Asubuhi ile alilileta gari hilo ili mume wangu, Bujiku, alijaribu kabla ya kununua. Haibridi, la mafuta na betri, gari la familia, viti safu tatu. Mimi nilikaa nyuma na kuwapanga watu moyoni: mama mkwe hapa tukimpeleka Kolandoto hospitali, watoto pale, magunia ya mchele kwenye buti. Bujiku aliuliza betri ikifa itakuwaje, spea zinapatikana wapi, na kama litapita kwenye tope tukienda kwa dada yake Chato. Nasibu alijibu yote. Akaonyesha na taa ya kijani kwenye dashibodi: ikiwaka, gari liko tayari, hata kama husikii kitu. Wakati huo Bujiku alikuwa anaongea na simu. Niliyetazama ni mimi.

Mume wangu ana duara, shimo la kuchimba dhahabu, huko Geita. Huko pampu ya maji ndiyo roho ya walioko chini. Ikinyamaza tu, watu wanagombania kamba. Kwake yeye, injini iliyonyamaza imekufa.

Akabonyeza kitufe. Kimya, ila taa ya kijani ikawaka. Akaingiza gia. Kimya.

"Dalali, umeniletea maiti."

Nasibu alikuwa mbele ya gari, kati yake na ukuta, ameinama, anafuta vumbi kwenye pleti namba. Akacheka. "Hiyo ndiyo raha yake, bosi. Haili mafuta, hailii."

Bujiku akakanyaga mafuta mpaka chini, kama anavyoliamsha lori lake bovu.

Nilisikia mfupa ukivunjika kabla ya kusikia ukelele. Bujiku alirudisha gari nyuma, akashuka, akaona watu wanakuja, akapiga mwano, yowe la kuita msaada. Kwetu Wasukuma mwano ukipigwa huulizi. Unabeba ulichonacho, unakimbia. "Limekwenda lenyewe," akawaambia. Paskalia akadakia kwamba dalali amelitia dawa. Jiwe la kwanza lilimpasua Nasibu mdomo. Bapa la panga likamshukia begani. Nilimkokota kwa kola hadi stoo, na rungu lililomlenga yeye likanipata mimi mbavuni.

Sasa mawe yalikuwa yanapiga mlango.

"Shemeji," Nasibu alisema, meno yakimtoka pamoja na damu, "mimi nilikuwa nafuta vumbi tu."

Aliyepiga mwano ndiye anayeuzima, hakuna mwingine. Kwenye tundu la msumari nilimwona Bujiku kando ya Paskalia, ameinamisha kichwa. Ncha ya panga ikatoboa bati karibu na sikio langu, ikachomolewa.

"Baba Lusia," nilimwita mume wangu. "Waambie ni mguu wako. Waambie ulikanyaga wewe."

Mawe yakatulia. Watu wote wakamgeukia. Naye akabaki anakitazama kiatu chake cha kulia.