Njooni Muone Giza

Kazini walimwita Bi Macho, maana tangu aanze utafiti wake hakuwa na kazi ila kukata vikonyo vinavyobeba macho ya kaa. Humo aliamini zimejificha seli za neva zinazotengeneza homoni ya kumzuia kaa asivue gamba ovyo.

Profesa alishamwambia, "Binti, leo nizione hizo seli. La sivyo, chumba cha darubini nampa Bwana Konokono."

Bwana Konokono, mtafiti mwenzake, alikwisha kupima ukuta wa kuwekea kabati lake.

Basi Bi Macho akavitia vipande vyake vya vikonyo, vyembamba kuliko karatasi, kingamwili iliyotoka kwa sungura, inayoing'ang'ania homoni ile kama kupe. Juu yake akatia kingamwili ya pili, yenye rangi ya kijani inayong'aa, ambayo hunasa penye ile ya kwanza. Kilichobaki ni kuosha rangi isiyonasa, taratibu, tena na tena. Hapo ndipo shangazi yake aliyemlea alipopiga simu.

"Mwanangu, umeziona?"

"Bado, shangazi. Naosha."

"Unaosha nini siku nzima, na kaa mwenyewe katoka majini?"

Bi Macho akacheka, akaona neno hilo lina akili, akafupisha kuosha.

Kwenye darubini, kipande kizima kiliwaka kijani. Akapiga yowe, watu wakajaa.

Profesa akainama, akaguna. "Na kile kipande cha kulinganishia, ambacho hukukitia kingamwili ya sungura?"

Akakiweka. Nacho kikawaka vilevile.

"Hiki kilitakiwa kiwe giza tupu, maana rangi haina pa kunasa," alisema profesa. "Hukuosha. Umetuita tutazame rangi iliyomwagika."

Bwana Konokono alikohoa kikohozi cha furaha.

"Profesa, tone moja la kingamwili limebaki," Bi Macho alisema, machozi yakimlenga. "Nipe hadi kesho."

"Kesho. Basi."

Safari hii alizima simu, akaosha mpaka vidole vikajikunja kama vya bibi kizee. Kesho yake hakuthubutu kuanza na kipande chenyewe. Alianza na kile kisicho na kingamwili ya sungura. Kilikuwa cheusi tii!

"Njooni muone giza!"

Bwana Konokono akawahi. "Mbona hamna kitu?"

"Hamna kabisa! Tazama tena!"

"Jamani, dada wa watu karukwa na akili."

Profesa akamsogeza, akalitazama giza lile kama mtu anayetazama picha ya mjukuu. "Giza safi," akasema. "Lete kile kingine."

Bi Macho akakiweka, akafumba macho. Profesa akainama.

"Zimekaa kishada," profesa alinong'ona, "kama zabibu, kila moja na kamkia kake. Kwingine kote giza. Chumba ni chako, binti."

"Profesa, nami nione."

"Subiri."

"Lakini ni seli zangu!"

"Nimesema subiri," alijibu profesa, akavuta stuli, akakaa.