Mkunga Ana Ndevu

Hii nitakayokuambia hutaiamini, na wala sikulaumu, maana hata walioiona kwa macho yao walikaa wakiulizana kama ni kweli. Mwanamume mzima, ana ndevu zake na kanzu yake, kaingia chumba cha uzazi pale Kiegeani, mchana kweupe, mama mkwe wake yumo humo humo. Na aliyemkamata mkono kumwingiza ni mama mkwe huyo huyo! Ngoja kwanza, usicheke. Nianze mwanzo, maana mimi nikipata hadithi tamu huwa naanza na mwisho, halafu najuta.

Yule bwana aliitwa Matano, mpiga zumari. Zama hizo boma la Mdachi lilikuwa bado Chole, na mtu yeyote mwenye harusi, kuanzia Kiegeani mpaka Utende, alimtafuta Matano. Harusi ikiisha, hakuna aliyemtafuta. Hakuwa na mnazi hata mmoja, na kisiwani Mafia mtu asiye na mnazi ni kama mgeni aliyesahau kuondoka. Alichokuwa nacho ni zumari na mashavu. Mashavu yale, akiyajaza, watoto walikuja kuyagusa.

Sasa mtu huyu akamwoa Mwatima, binti wa nyumba yenye minazi usiyoona mwisho wake, watu wenye asili ya Oman. Ilikuwaje? Marehemu baba yake Mwatima alipenda ngoma, akatoa neno lake, kisha akafa. Mjane wake, Bi Saleha, akabaki na mkwe kama mtu aliyerithi mbuzi wa jirani: kumfukuza haiwezekani, kumpenda ndiyo kazi.

Mpiga zumari hapumui kama mimi na wewe. Anajaza hewa mashavuni, na huku anaisukuma itoke mdomoni, pua inavuta nyingine, wimbo usikatike. Kujifunza hilo, Matano alikuwa anakaa uani na bua la jani la mpapai, ncha moja mdomoni, nyingine ndani ya kifuu cha maji, anapuliza mapovu. Mapovu yasikome. Asubuhi mpaka jua la utosi.

"Mkwe wangu fundi," Bi Saleha alikuwa akiwaambia wageni. "Anachemsha maji bila kuni. Ila kahawa yake hatujaionja bado."

Wageni wanacheka, na Matano anacheka kuwazidi. "Kweli mama," anasema. "Mimi hapa yamefika mashavu tu. Mtu mwenyewe bado yuko njiani."

Ndivyo alivyokuwa. Alijicheka kabla hujamcheka, unakuta kazi imeshafanyika.

Mle ndani mtu mmoja alimpenda waziwazi, naye ni Hamdu, kaka yake Mwatima. Hamdu alishaota ndevu, lakini siku zote alilala mkekani. Shingo haikushika kichwa. Uji alilishwa na mama yake, kijiko kwa kijiko, na mama hakumwachia mtu mwingine kazi ile. Hamdu alizaliwa kimya. Alichelewa kulia mpaka watu wakaanza kutazamana, ndipo akalia. Walishukuru. Wakafurahi. Baadaye ndipo wakaona kwamba pumzi ilirudi, lakini ilipokuwa haipo, kichwani kuna kitu kiliharibika, na hicho hakikurudi. Basi Hamdu hakusema neno, hakukaa, ila zumari ikilia uani alicheka mwili mzima, mpaka mkeka unacheza.

Siku ya Mwatima kujifungua, Matano alikuwa barazani na rafiki yake Jumanne, mpiga ngoma. Jumanne kakaa. Matano hakai.

"Keti, bwana wee," Jumanne akasema. "Unanizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Mke wangu anazaa!"

"Basi mwache azae yeye. Ukizaa wewe hapa barazani, mimi nakukimbia."

Ndani alikuwemo Bi Mwanamkuu, mkunga, pamoja na Bi Saleha. Wanawake wengine wa mtaa walijaa uani, masikio yote yako mlangoni. Adhuhuri imeshapita, sauti ya Bi Mwanamkuu ikasikika: "Katoka!"

Loo! Vigelegele! Wewe unawajua wanawake wa kwetu, mtoto akizaliwa habari haikai uani, inapelekwa mbio. Kila mmoja alitaka awe wa kwanza kuifikisha, hivyo kufumba na kufumbua ua ukawa mtupu, vigelegele vinasikika njia zote za kijiji. Jumanne akaivuta ngoma. Na Matano, baba wa mtoto, mjinga wa wajinga, akaitia zumari mdomoni akapiga. Alipiga kama hajawahi kupiga. Ndege waliondoka minazini.

Hebu jiulize. Mtoto katoka, lakini nani alimsikia analia? Hakuna. Kelele ya kumkaribisha ilikuwa kubwa mno, hakuna aliyejua kwamba mgeni mwenyewe yuko kimya.

Matano alikuwa kafumba macho, utamu umemkolea, mara zumari ikamtoka mdomoni kwa kofi. Kufumbua, Bi Saleha yuko mbele yake, kichwa wazi, kanga iko mabegani. Matano hajawahi kuziona nywele za mama mkwe wake. Akainamisha macho haraka.

"Shikamoo, mama," akasema. Ndiyo, alisema shikamoo! Ulimi wake haukupata kitu kingine.

"Nyamaza! Mtoto hajalia. Tunaita, tunaita, nyinyi mnapiga ngoma! Wako wapi wanawake?"

"Wamekwenda kupeleka habari."

"Habari gani?" Bi Saleha akauliza.

Kutoka ndani Bi Mwanamkuu akapiga ukelele: "Saleha! Lete mtu mwenye pumzi! Yeyote!"

"Hapa yupo Matano tu!"

Naye kutoka ndani: "Yule wa mashavu? Mlete huyo huyo!"

Jumanne aliacha mdomo wazi. Matano alitazama mlango ule kama mtu anayeoneshwa kaburi lake. Mwanamume haingii mle. Akiingia, atakuwa hadithi mpaka wajukuu wa wajukuu. Akafikiria kusema miguu imekufa ganzi. Kweli ilikuwa imekufa. Lakini Bi Saleha alishamkamata mkono, na mama yule kwa kukamata, nakwambia, angemshika papa.

Ndani, Mwatima kalala, rangi imempotea. Bi Mwanamkuu mikono yote miwili iko tumboni kwa mzazi, anakanda na kubonyeza, maana damu ilikuwa inamtoka kupita kiasi. Mkunga yule mzee alikuwa na pumu, kifua kinapiga mluzi. Na pembeni, juu ya kanga, kitoto cha kike. Rangi ya zambarau. Kimelegea kama kitambaa kilicholowa.

"Nikiliachia tumbo hili tutazika," mkunga akasema. "Kinywa chake nimeshakifuta. Nimempulizia, pumzi yangu haifiki. Kila tukichelewa, kichwa ndicho kinachoumia. Saleha hawezi."

"Siwezi," Bi Saleha akasema. Kajibanza ukutani, midomo inamtetemeka. "Ni Hamdu tena, Mwanamkuu. Ni Hamdu tena."

Matano akapiga magoti. Akavuta pumzi, pumzi ya harusi, kifua kikajaa mpaka kanzu ikapanda.

"Si hiyo!" Bi Mwanamkuu akafoka. "Wataka kumpasua? Hiyo yako ya kifuani weka! Funika mdomo na pua yake kwa mdomo wako, tia iliyomo shavuni tu. Kidogo. Kifua chake kikiinuka, acha. Kikishuka, tia tena."

Hapo ndipo yule bwana, kwa mara ya kwanza maishani, akapiga taratibu. Akajaza shavu, akalisukuma kama anayepuliza unga juu ya ukingo wa chungu. Kifua kidogo kikainuka. Kikashuka. Akatia tena. Pua yake inavuta, shavu linatoa, kama uani na kifuu chake, ila safari hii hakuna mapovu ya kumwambia kama anapatia. Alimtazama mtoto, akaiona shingo ya Hamdu. Akafumba macho, akaiona vilevile.

Mwatima akafumbua macho, sauti haina nguvu. "Nani huyo?"

"Mumeo," mkunga akajibu.

"Anafanya nini humu?"

"Anapuliza."

Mwatima akafumba macho tena. "Hata humu?"

Wallahi ndivyo alivyosema. Na Matano alitaka kucheka, na alitaka kulia, na vyote viwili havifanyiki ukiwa na hewa shavuni. Akaendelea. Mtoto akashtuka, kama mtu aliyekanyaga maji ya baridi. Akakohoa. Halafu akalia, kilio chembamba cha paka mdogo. Matano alitaka kutia shavu jingine, Bi Saleha akamsukuma. "Basi! Inatosha! Hukusikia? Analia mwenyewe!"

Damu nayo ikapungua, kondo la nyuma likatoka, Bi Mwanamkuu akakaa chini na mluzi wake kifuani. Matano akapewa mwanawe amwadhinie. Midomo imekufa, koo limekauka, sauti ikatoka kama jogoo mwenye mafua. Mtoto akaitwa Biubwa.

"Kilio tumekipata," mkunga akawaambia kabla hajaondoka. "Kichwa sikijui. Kichwa mtakijua mbele, shingo ikikaza, akigeuka akiitwa. Ombeni Mungu."

Sasa wale wanawake waliokimbia na habari waliporudi wakajua kilichotokea. Walikuwa na aibu, na mwenye aibu hutafuta wa kumcheka. Jua halijazama wimbo ulishatungwa: *Mkunga ana ndevu, mwambieni anyoe.* Ukaimbwa kisimani, ukaimbwa shambani, watu wakipasua nazi za mbata wanauimba. Matano akiusikia anacheka, na siku moja alisimama akawapa mstari wa pili: *Akinyoa ndevu, mashavu atayaficha wapi?* Wakaushika huo nao.

Lakini zumari aliitundika ukutani. Ukimuuliza, anasema ulimi wa zumari, lile tete la kupulizia, umepasuka, anangoja kuchonga mwingine. Uongo. Ulimi ulikuwa mzima. Kila akiishika alikumbuka kwamba mwanawe alikuwa hana pumzi, na yeye baba yake yuko nje anaitawanya pumzi hewani bure, anafukuza ndege. Na hilo hakupata namna ya kulichekea.

Miezi ikaenda. Kila asubuhi Bi Saleha alimpakata Biubwa, akaitazama shingo. Ikaanza kukaza. Hapo akapumua kidogo. Lakini akimwita, mtoto hageuki. Akipiga makofi, mtoto anatazama makuti ya paa, yuko na mambo yake. "Hamdu naye alikuwa anatazama juu," Bi Saleha akasema siku moja, kisha hakulirudia tena neno lile. Wala Matano hakumwita mwanawe kwa sauti tangu siku hiyo. Aliogopa kuitazama ile shingo isipogeuka.

Ndipo ikaja harusi hapo hapo Kiegeani. Hamdu kabebwa na mkeka wake, kalazwa kivulini. Bi Saleha kaketi kando yake, Biubwa mapajani. Wanawake hawakungoja hata wali, wimbo wakaanza: *Mkunga ana ndevu!* Jumanne akaupokea kwa ngoma. Ila wimbo bila zumari ulikuwa kama mchuzi bila nazi, na kila mtu akamgeukia mtu mmoja.

Jumanne, yule mwovu, akatoa zumari chini ya kanzu yake. Kaichukua ukutani!

"Ulimi umepasuka," Matano akasema upesi.

"Nimeujaribu. Umelia vizuri kukushinda wewe."

Watu wakaangua kicheko. Matano akashika zumari, akafikiri namna ya kuiangusha ivunjike ionekane bahati mbaya. Akamtazama mama mkwe wake, labda amwokoe.

Bi Saleha hakucheka. Alikuwa kamshika Biubwa kwa mikono miwili, mgongo wa mtoto uko upande wa Matano. "Piga, baba," akasema. Hajawahi kumwita baba. "Piga nione kama anasikia."

Matano akaishusha zumari. Maana asipopiga, angeweza kwenda nyumbani na matumaini yake. Akipiga, mbele ya kijiji kizima, kwa wimbo wa kumcheka yeye mwenyewe, na mtoto akabaki anatazama juu, hakuna tena cha kujidanganya. Alisimama pale mpaka watu wakaacha kucheka.

Kisha akajaza mashavu.

Aliyeanza ni Hamdu. Mkeka ukacheza. Biubwa akaduwaa, mkono umo kinywani. Kichwa kikatikisika, kikaenda kulia, kikasita, kikarudi, halafu polepole kikageuka nyuma, shingo imesimama yenyewe, macho yakatafuta, yakapita kwa Jumanne, yakapita ngoma, yakatua kwenye mashavu ya baba yake. Akayakunjia uso. Hakucheka, la! Alikunja uso kama bibi yake anavyokunja. Bi Saleha akajifunika kanga uso mzima, na wanawake wakapiga vigelegele, na safari hii hakuna aliyekimbia.

Na mimi ni wa uzao wao, mashavu ninayo, ushujaa ndio sikurithi. Ningeiangusha ile zumari nikaikanyaga, nikasema jamani, samahani. Haya, na wewe? Ungepiga?